Jino Lililoingia Kwenye Asidi

Tik! Jino lilidondoka kwenye bakuli la bati, na binti wa miaka saba akacheka, pengo wazi. Miaka ishirini na mitano imepita, lakini maabara ikinyamaza Mama Magego huusikia mlio ule. Siku hizi inanyamaza mno.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa udaktari wa meno. Kazi yake ni kulainisha meno kwa asidi, kuyakata membamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kuyatia rangi yaonekane kwenye hadubini. Siku ile, kwa mazoea ya kazi, alilitia jino la bintiye kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Hakubandika lebo. Nani asahau jino la mwanawe?

Majuzi binti alipiga simu kutoka huko mbali anakoishi.

"Mama, mjukuu wako jino linacheza, analia eti atakufa. Langu bado unalo? Nataka alione."

"Ninalo. Njooni Jumamosi."

"Safari hii tunakuja kweli."

Mara tatu alishaahidi, mara tatu ukazuka udhuru.

Jumatatu Mama Magego alitoa meno kwenye asidi. Alikuwa na hakika aliingiza sita, yalitoka saba. Alilichoma la saba, dogo kuliko mengine, kwa sindano, ikapenya kama kwenye sabuni. Gamba lake jeupe lilikuwa limeyeyuka lote. Akatazama rafu: chupa isiyo na lebo haikuwepo.

Alishika simu, akairudisha mfukoni. Akimwambia, huenda asije.

Basi akafanya anachokijua. Akalikata.

Kwenye hadubini aliona mabaki ya mzizi, na zile seli kubwa zenye viini vingi ziangushazo meno ya utoto, kila moja imejilaza ndani ya shimo ililolichimba. Alizijua tabia zake. Hula mzizi, hupumzika. Shimo huzibwa kidogo, jino likakaza tena, ukadhani litabaki. Kisha hula upya.

Jumamosi walikuja. Mtoto alipanda stuli, akachungulia.

"Bibi, jino liko wapi? Naona mashimo tu."

"Ndilo hilo."

Binti aligeuka. "Mama! Umelikata?"

"Nilikosea chupa, mwanangu. Niliogopa kukwambia, usije ukaahirisha."

Binti akavuta kiti, akaketi.

"Bibi," mtoto aliuliza, jicho bado kwenye hadubini, "haya mashimo yaliuma?"

Mama Magego akainama hadi sikioni pake.

"Mama yako hayakumuuma," alisema, kwa sauti ndogo sana, binti asiisikie.