Mafundo Thelathini ya Safari ya London

Mwaka 1926 nilikuwa na miaka kumi. Baba akafa, akamwacha mama na mimba ya mdogo wangu. Chuoni nilikuwa juzuu ya tatu tu. Nikatoka, nikashika jembe. Tangu hapo umbali naujua kwa miguu: Kibuta mpaka Dar es Salaam, mzigo wa mihogo kichwani, ni alfajiri mpaka magharibi. Nilikwenda na kurudi hivyo mpaka mdogo wangu akasoma, akasoma tena, na mwaka 1953 akapanda meli kwenda London. Aliandika kwamba amekaa baharini siku ishirini na nane.

Mwaka wa pili mama akaugua. Nikaenda posta kupeleka telegramu. Majibu yakaja: anaanza safari, mwezi mmoja. Sikubisha. Mimi nabisha nini, na meli najua ni mwezi?

Nikamwambia mama, kwa mdomo wangu huu. Mama alikuwa msuka mikeka. Akachukua kamba ya ukindu akafunga mafundo thelathini, na kila asubuhi akifungua moja.

"Leo yuko wapi?"

"Njiani, mama."

"Mwambie nahodha wake avute makasia, mimi naisha. Na wewe usinifungulie mawili mawili, nakuona."

Akacheka, akakohoa.

Siku ya kumi na tisa hakuamka kufungua fundo. Yalibaki kumi na mawili. Nilishuka kaburini kumpokea, na mahali pa mdogo wangu alisimama jirani.

Siku ya thelathini akafika, viatu vinang'aa. Kaburi la mama ameshaonyeshwa, tukakaa mkekani na wazee. Baba yetu mdogo akamwambia, "Pole, mwanangu. Mwezi mzima baharini, utakuwa umechoka."

"Mwezi wapi, baba! Nimekuja kwa ndege. Maili karibu elfu tano zile, na juzi asubuhi nilikuwa London nakunywa chai. Khartoum tumeshuka kula tu."

Nikamuuliza, "Na ule mwezi ulioniambia?"

"Kaka, nilikuwa na mtihani. Tikiti nilipewa wiki ile ile, nikaomba isogezwe. Nilijua mama mgumu, atanisubiri."

Nikaingia ndani, nikaleta kamba, nikamwekea mapajani.

"Hii nini?"

Baba mdogo ndiye aliyemweleza. Akalia sana, na kamba akaiacha pale pale mkekani.

Mimi sikulia. Mtihani ningeusamehe. Lakini uongo wake aliutuma kwangu, nikaupeleka mimi, na mama hakunishuku hata siku moja.

Siku hizi anakaa Dar es Salaam, mwendo wa saa moja kwa gari. Sijaenda.

Nina minazi mia mbili Kibuta, na mikorosho. Nina nyumba ya bati Sofu, fremu mbili za duka Maili Moja, kamba ya ukindu yenye mafundo kumi na mawili, cherehani, redio, na mbuzi tisa.