Posho Nisiyoila

Dada yangu alikuwa mjane, na kodi ya nyumba ilidaiwa kwake kama ilivyodaiwa kwa mama. Rupia sita kwa nyumba mbili. Akida, mkusanya kodi wa serikali, alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Nikashuka kutoka Matombo kwenda machimbo ya ulanga, yale mawe yanayong'aa na kuchanika kama karatasi, kwa sababu Mjerumani wa pale alitoa arubuni, malipo ya mbele, siku hiyohiyo. Nikachovya dole gumba kwenye wino, nikapewa blanketi, rupia sita nilizompelekea akida, na kipande, kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku ya kazi iliyokamilika, chumba kimoja kilitiwa alama. Kipande kikijaa, mshahara rupia tisa.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: tisa toa sita, nitarudi na tatu. Mwenzangu mmoja ndiye aliyenitahadharisha kwamba posho, yaani unga wa kila wiki, hukatwa. Nikamtumia dada habari. Akasema, "Basi usiiguse. Nitakulisha mimi."

Kila baada ya siku tatu alishuka na ndizi mbichi, maharage na magimbi. Njia ile ina mteremko wa kuvunja miguu, naye alikuwa akiipanda tena siku hiyohiyo. Wenzangu walipopanga mstari wa unga, mimi nilikaa kando, nikijiona mjanja.

Shimoni tuliingia kwa magoti. Siku ambayo homa ilinishika sikutiwa alama. Siku ambayo kikapu hakikujaa, mnyapara alisema haikuwa siku. Vyumba vile thelathini vilinichukua karibu siku hamsini.

Siku ya malipo karani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, alisoma bila kuniangalia. "Arubuni, sita. Posho, tatu. Blanketi, moja. Unadaiwa rupia moja."

"Bwana karani, posho sikula hata siku moja."

"Iliandikwa kwa jina lako."

"Lakini sikuichukua. Muulize mnyapara."

Ndipo akainua macho. Hakuwa mkali, nadhani alinihurumia. "Posho ni haki ya kila mfanyakazi, kijana. Ukiiacha, umeiacha mwenyewe. Kukatwa utakatwa. Weka dole hapa, uanze kipande cha pili."

Nilitazama njia ya mlimani. Mwezi ule askari walikuwa wamemrudisha mtu aliyetoroka; nilisikia viboko vyake kabla sijamwona. Nikaweka dole.

Dada alipokuja na mzigo wake kichwani niliinuka kumpokea. Alinisoma usoni. Akatua mzigo, akaketi, akayasugua magoti yake yaliyovimba.

"Wameikata?"

"Wameikata, dada."

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kuanzia leo panga mstari. Chukua mpaka vumbi la mwisho la gunia."

Nikapanga. Yeye akaacha kuteremka na chakula, akawa anakuja Jumamosi kuchukua sehemu ya unga ule, akautengenezea togwa, akawauzia wachimbaji kando ya njia. Mnyapara alimfukuza mara mbili, mara ya tatu akanywa kibuyu kizima bila kulipa, akanyamaza.

Kipande cha pili kilipojaa nilipokea rupia tano. Karani alinionyesha mahali pa kuweka dole kwa kipande cha tatu. Nikasema, "Hapana, bwana." Sauti ilinitoka nyembamba, na nilitembea mpaka mtoni bila kugeuka, nikingoja kuitwa.

Nyumbani nililala siku mbili. Nilikuwa nikishtuka alfajiri, nikitafuta nyundo kitandani.

Rupia zile zilikaa ndani ya chungu cha mama mpaka akida alipopita kwa kodi ya mwaka mpya. Kodi ilikuwa sita kama mwanzo; tulikuwa nazo tano, na rupia moja ya togwa ya dada ikatimiza. Mwaka ule sikushuka.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Nilishuka. Dada hakuweza tena. Ule mteremko ulikuwa umemaliza magoti yake. Nilipanga mstari wa unga peke yangu, nikala posho yangu yote.