Vernisi Ilikuwa Haijakauka

Baba aliuza vitanda, makabati na fotei kule Mususa tangu kabla sijazaliwa. Alipofariki, kaka yangu alibaki na duka, akaingiza magodoro na viti vya plastiki. Mwaka jana, tukiondoa mbao za zamani nyuma ya duka, tukakuta bahasha yenye foto zisizo na rangi. Zamani, mafundi walipomaliza kazi nzuri na kuipaka vernisi ya kung'arisha mbao, baba alimwita mpiga foto, apate kitu cha kuwaonyesha wateja wa Beni na Oicha. Hakupenda foto ya kiti kitupu. Alitafuta mtu wa kukikalia.

Katika foto moja, msichana ameketi kwenye fotei, kitunga cha maharagi magotini, anacheka. Nikampelekea mama.

“Mama, huyu ni weye?”

Akasogea dirishani, akaitazama. “Njo mimi. Nilikuwa natoka Vuhovi, naenda soko. Baba yako akaniita: ‘Dada, ikala kidogo, tupige foto.’ Nikaikala.”

“Mulikuwa munajuana?”

“Hapana. Foto ikaisha, nikataka kusimama. Kikwembe nilikuwa nimefunga kiunoni ikabakia imenata ku fotei. Vernisi ilikuwa haiyakauka.”

Nilidhani nimesikia vibaya, maana sisi watoto tuliambiwa kwamba walionana kanisani.

“Kanisa ilikuya nyuma,” akasema. “Siku ile nilirudia nyumbani na doa kubwa. Baba yangu akakasirika sana. Siku ya yenga, nyuma ya misa, baba yako akafika Vuhovi na kikwembe mupya, akaomba musamaha. Bakamupatia kiti, akakula na sisi. Yenga ya kufuata akarudia.”

“Na kikwembe ingine?”

“Hapana. Mikono mitupu. Njo nikajua.”

Kaka yangu alitaka kuikuza foto ile na kuitundika dukani. Mama akakataa, akasema wanaokuja kutafuta magodoro hawana haja na magoti yake. Tukatundika nyingine, ya mafundi wamesimama mlangoni na misumeno yao. Yake ameiweka chumbani, karibu na rozari. Juzi mdogo wake alikuja kutoka Beni, mama akamwonyesha. Mama mdogo hakuuliza chochote juu ya baba. Aliinama, akaangalia kitunga, akasema ni chake, na kwamba alikitafuta siku ile nzima. Wakabishana mpaka chakula kikaletwa.