Mwenyekiti Asiyeona Mikono

Ilikuwa mwaka ule tauni ilipoisha. Hapana, nimekosea. Tauni ilipoisha nilikuwa bado namtambua mke wangu akiwa upande wa pili wa ua. Basi ni mwaka uliofuata, maana siku ninayoisimulia sikumtambua hata akiwa mbele yangu ananigombeza, isipokuwa kwa sauti, na sauti ya Fano haihitaji macho.

Mimi ni Smikithos, mchoma vyungu wa Athene. Wenzangu hufinyanga, wengine huchora farasi na miungu kwenye mitungi, wakasifiwa. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia tundu la tanuri nijue moto umefikia wapi. Nilichungulia ujana wangu wote, na moto ukanipaka ukungu machoni.

Mwaka huo jina langu likatoka kwenye kura ya maharage, ambayo kwetu ni bahati tupu, nikawa mjumbe wa Baraza. Kabla ya kuapishwa nilihojiwa kama kila mtu: baba yako nani, kaburi lake liko wapi, mama yako ulimtunza, vitani ulienda. Nilijibu vizuri kabisa. Kama ninaona, hakuna aliyeuliza, nami si mtu wa kuwachosha wakubwa kwa habari wasizozitaka.

Sasa, sisi wajumbe tuna desturi. Kila siku mmoja wetu anaangukiwa na kura awe mwenyekiti wa mji, jua kuzama mpaka jua kuzama. Anashika muhuri na funguo za hazina, na watu wakikutana mlimani ni yeye anayewapigisha kura. Kesho yake anarudi kwenye vyungu vyake. Harage langu likatoka jioni ya kuamkia mkutano mkubwa. Kisiwa kimoja cha ushirika wetu kilikuwa kimegoma kutoa kodi, na mji ulitaka kuamua: meli za vita ziende kukiadhibu, au zisiende.

Mwanangu Pistias alikuwa mpiga makasia. Meli zikienda, naye anaenda. Kaka zake walichukuliwa na tauni. Alikuwa amebaki yeye tu.

Fano alinifuata mpaka mlangoni mwa jumba la wajumbe.

"Mji wamekupa wewe?"

"Mpaka kesho tu, mama Pistias."

"Juzi umemwamkia punda wa Antigenes, ukamuuliza na hali ya watoto."

"Alisimama kwa adabu sana."

Hakucheka. Alinishika joho. "Mume wangu, nisikilize. Usiniletee vita nyumbani."

"Vita siamui mimi. Mimi naangalia mikono tu."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Asubuhi nguruwe wa kutakasia uwanja akachinjwa, mpiga mbiu akauliza nani anataka kusema. Kila mtu alitaka. Aliyesema kuliko wote ni huyo Antigenes, mjumbe mwenzangu, mwenye punda. Alisomeshwa na mwalimu mgeni wa ufundi wa kusema, na aliweza kuthibitisha asubuhi kwamba meli ziende, na alasiri kwamba zisiende. Siku hiyo alisema asubuhi.

Ikafika zamu yangu.

"Wanaotaka meli ziende, wanyooshe mikono."

Nikaona maziwa. Majoho meupe ya watu wote yalikuwa yamemwagika kilimani, na juu yake ukungu.

"Wasiotaka, wanyooshe."

Maziwa yaleyale.

Kwetu mikono haihesabiwi mmoja mmoja. Mwenyekiti anatazama, anasema upande upi ni mwingi. Basi nikatazama. Niliinamisha na kichwa upande, kama mtu anayepima mambo mazito.

"Rudieni," nikasema.

Wakarudia. Maziwa.

"Mzee, unangoja tuive?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka chini, na kilima kizima kikacheka.

"Tutoe, tushaungua," mwingine akadakia.

Antigenes akanisogelea sikioni. "Smikithos, ndugu yangu, meli zimeshinda. Hata kipofu anaona."

"Huyo kipofu yuko wapi nimuulize?"

"Acha mzaha. Wote hawa wanajua una kijana kwenye makasia. Ukisema zisiende, watasema umemficha mwanao nyuma ya muhuri wa mji."

Hilo lilinichoma kuliko tanuri. Nikisema sioni, watasema upofu umenijia saa nzuri. Mimi niliyeitaka amani kwa roho yangu yote nikaogopa kuonekana ninaitaka. Nikasimama, nikakohoa kikubwa, nikatangaza, "Meli ziende."

Kelele zikapanda. Kama zilikuwa za furaha au za hasira, siku hiyo hata masikio yalinikimbia.

Kisiwa hakikuchukuliwa, na nusu ya meli hazikurudi. Pistias alirudi, akiburuta mguu mmoja, maneno yakiwa machache. Fano alinipakulia uji wa shayiri msimu mzima bila kunigombeza, na ndipo nilipojua nyumba ilivyo giza sauti ile ikinyamaza.

Nikaanza kuuliza. Nilimuuliza muuza samaki, akasema yeye alizikataa meli. Kinyozi alizikataa, na wateja wake wote walizikataa. Nikamuuliza Antigenes.

"Mimi? Mimi nilisema tu. Mkono sikunyoosha."

Baadaye nilizunguka bandarini na visiwani nikiuza mitungi, na kila Mwathene mzee niliyekutana naye alikuwa ameikataa vita ile. Nikamwendea mwalimu mmoja kwenye ukumbi wa nguzo, nikamuuliza: jambo ambalo hakuna aliyelitaka, lilitokeaje? Alifurahi sana. Akawagawa wanafunzi wake pande mbili wabishane, na nilipoondoka walikuwa wamepamba moto, hata mmoja hajaniuliza ni meli gani.

Kwa hiyo ama nilitangaza kitu kisichokuwapo, ama kilima kizima kimesahau. Kwa ajili ya Fano nilitamani liwe la pili.

Akabaki mmoja sijamuuliza. Siku ile Pistias alikuwapo mlimani, kushoto, pamoja na wapiga makasia wenzake. Nilipajua walipoketi, ingawa sikumwona. Walikuwa vijana, walicheka sana. Jioni moja tumekaa jikoni, Fano akimenya vitunguu, kijana ameunyoosha mguu wake mbovu karibu na moto, nikajikaza.

"Na wewe, mwanangu, mkono wako uliunyoosha nilipouliza lipi?"