Misumari Mdomoni

Simu ilipoita, binti wa fundi makochi alikuwa kwenye cherehani, anamalizia foronya ya mto mkubwa. Aliyepiga alikuwa jirani yao, mama mwenye duka la vitambaa, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Mwanangu, uko na mtu hapo karakana?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Funga uje nyumbani. Mama yako anakuhitaji."

"Ni baba?"

"Mungu alitoa, Mungu ametwaa, mwanangu. Njoo."

Binti akarudisha mguu kwenye pedali, akaushona ule mshono hadi mwisho, akakata uzi. Baba yake alimfundisha kwamba mshono ulioachwa katikati hufumuka wote. Kisha akainua macho, akaiona nyundo ndogo ukutani, mpini wake umebonyea pale kidole gumba cha mzee kilipokuwa kikikaa. Ndipo machozi yakaja.

Mzee alikuwa fundi makochi tangu ujana wake. Alikuwa na namna yake ya kazi: anatia konzi ya misumari midogo mdomoni, ulimi unausogeza mmoja hadi kwenye midomo, kichwa cha msumari kikitangulia, mkono wa kushoto unaupokea na wa kulia unagonga. Na mtu mwenye misumari mdomoni hasemi. Mteja akiuliza, "Fundi, Jumamosi kochi litakuwa tayari?" yeye hujibu, "Mmh." Akiuliza kama kitambaa kitatosha, hujibu, "Mh-mh." Mtaa mzima ukamwita Mzee Mmh. Mkewe aliijua miguno yake yote, akijisifu kwa mashoga zake: "Ninyi mmeolewa na waongeaji. Mimi nimeolewa na redio mbovu, lakini stesheni zote nazipata."

Ndiyo maana ugonjwa ulipokuja uliingia mchana kweupe na hakuna aliyeuona. Maneno yalianza kumkimbia mzee, na wao wakadhani ni mzee yuleyule. Aliulizwa anataka chai au uji, akaguna, mkewe akatafsiri. Alisahau jina la shemeji yake, akaguna, watu wakacheka. Binti mwenyewe, aliyekuwa akishona kando yake kila siku, aliwaambia wateja, "Mvumilieni, ana misumari mdomoni."

Kiongozi wa kwaya ndiye aliyerudisha kiti cha kwanza. "Fundi, kiti chako kina mfupa! Nimekalia kitu." Walipofumua kitambaa wakaikuta nyundo imelala ndani ya sponji. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, hata mzee mwenyewe. "Nimekuwekea ya akiba," alisema. Binti aliitunza sentensi ile, maana zilizoifuata zilikuwa chache.

Muda si mrefu, asubuhi moja, alimsogelea baba yake amfute gundi kwenye ndevu. Alikuwa amemuuliza jambo mara tatu bila jibu. Akauona mdomo uko wazi, na ndani hamna kitu. Misumari yote ilikuwa kwenye kopo lake.

"Baba, mbona hunijibu?"

Mzee alimtazama kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko usio wake. "Mmh," akasema.

Ndugu wakakutana, na penye wengi pana mengi. Baba mdogo alisema ni gundi. "Kaka amevuta ile harufu maisha yake yote. Ubongo umeganda."

"Kama ni harufu," shangazi akamdakia, "wewe uliyevuta na kunywa vikali kuliko gundi, mbona hujasahau njia ya kilabuni?"

Shangazi aliamini ni majonzi ya mzee kufiwa na pacha wake. Mama alikumbuka siku mumewe alipoanguka kwenye ngazi, akapigiza kichwa, akakataa kwenda hospitali. Jirani alinong'ona kwamba upo mkono wa mtu. Binti akasema, "Tumpeleke kwa daktari, atuambie."

Daktari alikuwa mama mpole, anayeongea polepole. Alieleza kwamba kusahau kwa namna ile ni dalili, na dalili moja huweza kuwa na vyanzo vingi. Tezi ya shingo ikilegea, mtu husahau. Vitamini fulani ikipungua mwilini, husahau. Damu ikivilia chini ya fuvu baada ya kuanguka, au maambukizi, au huzuni nzito, hata dawa mtu anazokunywa, vyote huweza kumfanya aonekane amepotewa na akili. "Ikiwa ni mojawapo ya hayo, nina la kufanya. Kama si hayo, huenda ni ugonjwa wa Alzheimer. Huo tunaweza kumsaidia mtu aishi nao, lakini kuuondoa hatuwezi."

Tangu siku hiyo binti aligeuza sala zake. Wenzake kanisani waliomba vipimo vya wagonjwa wao viwe safi. Yeye alipiga magoti na kuomba, "Ee Bwana, baba akutwe na ugonjwa. Wowote ule wenye dawa."

Tezi ikawa nzima. Vitamini ilikuwa ya kutosha. Daktari aliuliza habari za dawa, ikajulikana kwamba mzee alikuwa akimeza vidonge vya mafua karibu kila siku kwa sababu ya vumbi la sponji, na vidonge hivyo huweza kumchanganya mtu mzima. Vikaachwa. Wakamtazama kila asubuhi kama watu wanaochungulia sufuria, na maji hayakuchemka.

Kisha mzee akabadilika ghafla. Akaona watu ukutani, akamsukuma mkewe, akalia. Hospitali wakapima mkojo. Muuguzi akatoka na majibu. "Ana maambukizi."

"Mungu ni mwema!" binti akapaza sauti katikati ya korido.

"Dada, umenisikia vizuri? Nimesema ana maambukizi."

"Nimekusikia! Asante! Asante sana!"

Dawa zikafanya kazi. Mzee akatulia, watu wa ukutani wakaondoka, na Jumatatu moja akaomba nyundo yake. Akatia misumari mdomoni, akaupigilia mkono mzima wa kochi, mstari umenyooka kama uzi. Mama akalia kwa furaha, akatoa shukrani mbele ya kanisa. Lakini mkono wa pili wa kochi lile mzee hakuugusa kamwe. Maambukizi yalikuwa yamekaa juu ya kitu kingine. Yaliondoka, kile cha chini kikabaki.

Likabaki tumaini moja, lile la kuanguka kwenye ngazi. Mzee akapigwa picha ya kichwa. Daktari akaitazama, kisha akawatazama wao.

"Hakuna damu iliyovilia."

"Asante Mungu," mama akasema haraka, kabla hajakumbuka walichokuwa wakikiomba. Akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Sasa ni nini kilichomfikisha kwenye hali hii?" binti aliuliza. "Gundi? Ngazi? Majonzi?"

"Umri una sehemu yake. Kurithi pia. Presha, kichwa kilichoumia, masikio yaliyochoshwa na kelele, vyote vinatajwa. Lakini kwa baba yako, siwezi kukuonyesha kimoja nikasema ni hiki."

"Hata kwa kubahatisha?"

"Hata kwa kubahatisha, mdogo wangu."

Binti alirudi nyumbani hana hata kitu cha kukasirikia. Akaendelea kuomba, ila sasa hakujua aombe nini, basi akawa anataja tu jina la baba yake na kunyamaza.

Mwisho mzee alisahau kumeza. Chakula alikitunza shavuni, kama alivyotunza misumari, akisubiri kazi isiyokuja. "Meza, mume wangu," mama alimbembeleza. "Meza kidogo tu." Siku moja uji ukaenda njia isiyo yake, kifua kikajaa, na dawa hazikukiweza. Ndipo ilipopigwa ile simu.

Jeneza lilipoletwa, kitambaa cha ndani kilikuwa kimebandikwa kwa gundi tu, na pembe moja ilikuwa imeachia.

"Liacheni," alisema baba mdogo. "Linaenda kufunikwa."

Binti akaenda karakana, akarudi na nyundo na kopo. Akatia misumari mdomoni, akapiga magoti, akaanza kukivuta kitambaa na kukigonga. Waombolezaji wakamjia.

"Pole, dada."

"Mmh."

"Umekula chochote?"

"Mh-mh."

Mama, aliyekuwa ameketi kando ya ukuta, akainua kichwa. "Mwacheni," akasema. "Ana misumari mdomoni."

Alipomaliza, wakamlaza mzee ndani. Mchungaji akasoma neno, wakaimba wimbo mmoja. Baba mdogo na wanaume wa mtaa wakalibeba jeneza hadi makaburini. Mama akatupa udongo wa kwanza, binti akafuata, kisha makoleo yakachukua kazi. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, wakaomba, na wakarudi nyumbani kwa miguu.