Samaki Aliyechukua Nafasi ya Mkewe

Mwanangu wa kwanza alipofariki aliacha mke, duka la nyaya na balbu hapa Mosocho, na tangi la kioo lenye samaki watatu wa baharini. Mke nilimjua. Duka nililijua. Samaki ndio sikuwa nimewahi kukaa nao chumba kimoja.

Nilitoka Gesima nikaja kuishi na mkamwana ili nyumba isibaki na sauti ya mtu mmoja. Akienda dukani, mimi hubaki sebuleni na lile tangi. Linanguruma mchana kutwa kama mtu aliyelala chumba cha pili na humjui. Ndani mna maji ya chumvi, jiwe, na mnyama laini ambaye ukimwona utasema ni ua, vidole vyake vingi vinacheza bila upepo. Vidole hivyo huchoma. Samaki mwingine akivigusa anakufa. Hawa wa kwetu, wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, hulala humo katikati kama kuku kwenye kiota, kwa sababu ngozi yao ina ute unaowakinga.

Mwanangu alifanya kazi Pwani miaka mingi na watu wanaolinda miamba ya matumbawe. Alinieleza kwamba samaki hawa hunaswa kule chini wakiwa hai wakauzwe ng'ambo kwa watu wanaotaka kitu cha kutazama. Tena bahari ikipata joto kupita kiasi, yule mnyama kama ua anakuwa mweupe, anakonda, na samaki wake hawana pa kwenda. Si watu wa kuhama hao. Wakishampata mmoja hukaa kwake mpaka kufa. Basi mwanangu alitaka kuwazalisha kwenye kioo, wenye macho ya kutazama wapate wa kutazama, na wa baharini waachwe. Aliwaahidi watu wa Pwani vifaranga kutoka huku milimani. Kifo kikamkuta hata yai hajaliona.

Mkamwana akasema, "Mama, nitamalizia."

Nikasema, "Malizia." Ndivyo nilivyoingia katika mambo haya.

Mvua kubwa zilipoanza, radi ilipiga na umeme ukapotea usiku kucha na siku iliyofuata. Maji yakapoa. Yule samaki mkubwa kuliko wote, jike, tulimkuta amelala ubavu juu ya jiwe, mdomo wazi. Mkamwana alilia. Nilimwacha alie; najua hakuwa akimlilia samaki.

Alipomaliza akaniambia, "Bado hatujapoteza, Mama. Hawa wote huzaliwa madume. Aliye mkubwa ndiye jike. Jike akifa, mumewe hugeuka jike. Na yule mdogo, ambaye hajawahi kuwa kitu, ndiye anakuwa mume."

"Nani kakuambia upuuzi huo?"

"Mwanao."

Nikavuta kiti karibu na kioo.

Tangu siku ile nikaanza kumtazama yule dume aliyefiwa. Zamani alikaa nyuma, na mkewe akipita alitetemeka mwili mzima kama mtu anayeomba msamaha. Sasa alikuja mbele. Alisimama pale pale alipokuwa akisimama mkewe, upande wa dirisha. Akanenepa. Akaanza kumfukuza yule mdogo, na mdogo akatetemeka mbele yake, vilevile.

Jike yule wa kwanza alikuwa na tabia ya kuniuma kidole nikipangusa kioo kwa ndani. Mumewe hakuwahi kunigusa. Asubuhi moja nilitia mkono na kitambaa, nikaumwa. Kidole kile kile, chini ya ukucha. Nilitoa mkono nikaketi. Sikuogopa. Niliketi tu, na chai ikapoa bila kunywewa.

Sasa nieleze habari ya mwanangu mdogo. Huyu alikulia nyuma ya kaka yake, akiongea pale kaka anaponyamaza. Baada ya mazishi alianza kuvaa koti la marehemu, sawa, koti ni koti. Lakini alianza pia kukohoa kama yeye kabla ya kusema neno. Mara ya kwanza nilipokisikia kikohozi kile mlangoni, nywele zilinisimama. Nikamwangalia alivyoingia, mabega yamepanuka.

Alikuja Jumamosi moja kutoka kanisani, akamkuta samaki anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, bila kupumzika.

"Huyu ana nini, Mama?"

"Anageuka jike."

"Dume anageuka jike, na wewe umekaa hapo unakunywa chai?"

"Ulitaka nikae wapi, juu ya paa?"

Hakucheka. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa humtajia majina ya wafu wa nyumba ile, mmoja mmoja. Jina atakalonyamazia ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Basi mwanangu akasimama mbele ya tangi akaanza kumtajia samaki majina. Babu yake. Baba yake. Shangazi yake. Samaki anakwenda na kurudi. Akainama akataja jina la kaka yake, na samaki akasimama. Akasimama kabisa, uso kwenye kioo, mashavu yakifunguka na kufungika.

Najua samaki akimwona mtu amekaribia hudhani analetewa chakula. Ningemwambia hivyo, lakini alikuwa ameshageukia mlango. Alitoka bila kuaga.

Wiki haikuisha, habari ikarudi kutoka Gesima. Wazee wamesema maji yale yamwagwe mtoni pamoja na vilivyomo, na mdogo wa marehemu ndiye atakayemwaga. Waliongeza kwamba mimi ndiye mkubwa wa nyumba, nikikataa niseme.

Mkamwana akanishika mkono. "Maji ya mto hayana chumvi, Mama. Watakufa papo hapo. Na tazama." Akanionyesha kwenye jiwe, chini ya kivuli cha yule mnyama. Mayai. Yalishikana kama punje za wimbi, rangi ya machungwa. Yule mdogo, mume mpya, alikuwa akiyapepea kwa mapezi yake, na lililooza analila.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Mayai nayo yakawa meusi, halafu asubuhi moja nikakuta yana macho. Sisemi kwa mfano. Kila yai jozi ya macho, yanang'aa kama fedha, jiwe zima linakutazama. Nilihama kiti, yakabaki kunitazama.

Mwanangu mdogo alikuja jioni ya siku hiyo, mkamwana bado yuko dukani. Alileta mpira wa maji na ndoo nyeusi. Akakohoa.

"Mama, nimetumwa."

"Naona."

Akatumbukiza mpira kwenye tangi, akaweka ncha ya pili mdomoni avute, akainama. Hapo akaona jiwe. Mpira ukamtoka mdomoni.

"Mama. Yanatuangalia."

"Tangu asubuhi. Hao ni watoto aliowataka kaka yako. Ukitaka kuwamwaga, wamwage wakikuona. Mimi nimekataa, na wazee waambie ni mimi."

Samaki mkubwa akaja mbele ya kioo, na wao wawili wakatazamana. Kisha mwanangu akautoa mpira majini, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Mkamwana alifika giza likiingia. Alisema wataanguliwa taa zikizimwa, na wasipotengwa wataliwa, tena na wazazi wao. Akaulizia chombo safi. Hakukuwa na kingine ila ile ndoo nyeusi. Tukazima taa. Tulisikia ngurumo ya tangi peke yake. Alipowasha tochi, vumbi lilikuwa likipanda kutoka kwenye jiwe, na kila chembe ya vumbi ina macho. Mwanangu ndiye aliyewavuta kwa mpira, akiushika kwa mikono miwili.

Wengi walikufa wiki ile ile. Hawana nguvu hao, na chakula chao ni vidudu usivyoviona. Waliobaki walianza kupata mstari mweupe. Mwanangu alikuja kila siku kabla ya kazi kuwapa chakula, koti la kaka yake likiwa mgongoni.

Siku moja alichovya kidole kwenye ndoo, wakakizunguka.

"Hawa wote ni madume?" akamuuliza mkamwana.

"Wote. Kwa sasa."

Akatoa kidole, akakifuta kwenye koti.