Bibi Harusi wa Jirani

Baba alipojenga huku nje kidogo ya Voi, majirani zetu walikuwa nyani. Tulikuwa tumeshuka kutoka Mghange, kule milimani kwenye baridi, na mama alinung'unikia joto mpaka sisi watoto tukawa tunamuigiza. Kisha akaja mzee mmoja mfanyakazi wa reli kutoka magharibi na familia yake, wakajenga upande wa pili wa ua wetu wa mikonge. Mjane Mkamba akafungua duka. Familia ya Kiislamu ikahamia kutoka Mombasa. Reli mpya ilipofika, nyumba za kupanga zikachipuka kama uyoga.

Katikati ya hayo yote, mimi nikampenda kijana wa mzee wa reli.

Siku ya harusi, tulipotoka kanisani, nilirudi kwetu kwanza ili shangazi za bwana harusi waje kunichukua. Wakaja kupitia pengo la ua.

"Twende, mwanetu, si ni hapo tu!"

Mama akasimama mlangoni. "Hapo wapi? Huyu si kuku wa kupenyezwa uani. Ataondoka kwa gari!"

Pikapu ikaletwa. Tukazunguka mtaa mzima, mimi na mama mbele, shangazi zake wakiimba nyuma. Mjane akatuona, akafunga duka, akapanda. Bibi wa Kimombasa akatoka mbio na chupa mkononi. "Ngojeni! Hamumpeleki bila marashi!" Akaninyunyizia mimi, dereva, hata magurudumu. Vijana wa nyumba za kupanga, ambao sikuwajua hata mmoja, wakatufuata kwa bodaboda wakipiga honi.

"Bibi harusi ametoka wapi?" mmoja akauliza.

"Pale," nikamwonyesha paa letu.

"Na anaenda wapi?"

"Palepale!"

Nusura aanguke kwa kicheko.

Tulipofika, mama mkwe alitupokea kama hajawahi kutuona. "Karibuni, wageni! Mmetoka mbali!"

"Mbali sana," mama akajibu, akijipepea. "Tunaomba maji."

Chakula kilikuwa cha familia mbili, na sasa mtaa wote ulikuwa mlangoni. Basi watu wakakimbia kwao: mjane akarudi na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bibi wa Kimombasa na sinia la pilau, vijana na chapati zilizofungwa kwa gazeti. Mume wangu alinikuta jikoni nimesimama, shela imejaa vumbi jekundu, nikila vyote kwa sahani moja.

"Nibakishie," akasema.

Sikumbakishia.